Hapo unaongea na nani? Kampuni, aplikesheni zao na kurasa zao za mitandaoni

Saa moja na nusu usiku, Tabata. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Morogoro na ana jambo moja tu analolitaka kwenye televisheni yetu, nalo ni tamthilia yake ya saa mbili. King'amuzi kimekata. Nikalipia kwa simu, ujumbe wa muamala ukaingia, hela ikatoka, na skrini ikabaki vilevile ikituomba tulipie. Nikafanya wanachofanya wengi wetu. Nikafungua Instagram, nikaenda kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, ambayo siitaji hapa, na chini ya picha ya dada anayecheka na rimoti mkononi nikaandika: "Nimelipia, hela mmekata, chaneli hazijafunguka. Mnatuchukuliaje?"

Dakika haikuisha, nikajibiwa. Nembo ileile, rangi zilezile: "Pole sana mpendwa mteja, tufuate WhatsApp kwa namba hii tukuhudumie haraka." Nikafurahi. Mama mkwe akavaa miwani, akainamia simu yangu, akauliza, "Sasa hapo, mwanangu, unaongea na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilipoangalia vizuri, jina la ukurasa ule lilikuwa limeongezewa kistari cha chini na neno "huduma" mwishoni. Ujumbe wa pili kutoka kwa yule wa WhatsApp ulikuwa unaniomba namba ya siri ya kulipia, "ili turudishe malipo yako".

Swali la mama mkwe ndilo ninalotaka kulifungua hapa, maana mjini hapa kila kampuni siku hizi inasema ipo mtandaoni. Pakua aplikesheni yetu, tufuate Instagram, tuandikie WhatsApp. Mteja anaona ni mlango mmoja wenye rangi tofauti. Ukweli ni kwamba ni milango kadhaa, kila mmoja unaingia chumba chake, na watu waliomo ndani mara nyingi hawaonani.

Mpiga debe na konda

Nenda stendi ya Mawasiliano, ile ambayo wengine bado tunaiita Simu 2000. Utamkuta mpiga debe. Anajua gari gani linaenda wapi, ana sauti, anakushika begi, anakuita "bosi" au "mama" kulingana na anavyokuona. Lakini umeshampa konda noti ya elfu kumi na chenji haijarudi, kisha unamdai mpiga debe? Atakusikitikia. Atamwita konda kwa sauti kubwa. Chenji yenyewe hana, na hata hajui ulitoa kiasi gani.

Ukurasa wa kampuni Instagram, Facebook au TikTok ni mpiga debe. Ulizaliwa kwa ajili ya matangazo na katika kampuni nyingi bado uko chini ya idara ya masoko. Mara nyingi anayeposti si hata mwajiriwa wa kampuni, bali kijana wa wakala wa matangazo anayeshika kurasa za wateja wanne au watano kwa pamoja. Asubuhi anaweka tangazo la benki, mchana la soda, jioni la mabati. Ana ruhusa ya kuposti na kujibu komenti. Hana ruhusa ya kuona salio lako, muamala wako wala namba ya king'amuzi chako.

Wengi wanaliona hili kuwa ni uzembe. Kwa sehemu ni kinyume chake. Kadiri watu wachache wanavyoweza kufungua taarifa zako, ndivyo ulivyo salama zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaibana kampuni kuhusu nani anashika taarifa za mteja na kwa sababu gani. Kijana wa matangazo anayeweza kuchungulia akaunti ya kila mtu aliyemwachia komenti angekuwa hatari kuliko huyo asiyeweza kufanya kitu.

Konda, kwa mfano wangu, ni aplikesheni. Unapoingia kwa namba yako ya simu na namba ya siri, mfumo unakujua. Unaona ulilipa lini, kiasi gani, na nini kilikwama. Hapo hakuna mtu anayekujibu, bali unafungua daftari la kampuni katika ukurasa wako na kubonyeza vitufe walivyokuruhusu kubonyeza.

Basi ule usiku wa tamthilia ulikuwa hivi. Ukilipia king'amuzi kwa simu, mtandao wa simu unaipelekea kampuni ya televisheni taarifa kwamba kadi namba fulani imelipiwa. Mfumo wa kampuni unaandika, kisha unatuma amri kupitia setilaiti: king'amuzi chenye namba hii, fungua. Kama wakati amri inapita king'amuzi kimezimwa, au umeme umekatika, au dishi limelegea, amri inapita juu ya paa na kwenda zake. Daftarini umeshalipa, lakini sebuleni bado unadaiwa. Dawa yake ni kuomba amri itumwe tena, na kitufe hicho kilikuwemo ndani ya aplikesheni ya kampuni, nacho sikuwa nimewahi kukigusa. Nilikibonyeza saa mbili na dakika ishirini. Mama mkwe akakuta mhusika mkuu ameshalazwa hospitali na hakuna wa kumwambia imekuwaje.

Nilikuwa nimepoteza karibu saa nzima nikimlalamikia mpiga debe, tena mpiga debe feki.

Kitochi nacho kina kaunta

Kuna dhana kwamba aplikesheni ni huduma ya daraja la kwanza na menyu ya nyota na reli ni ya wenye vitochi. Si kweli. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu janja zilikuwa za kuhesabika, na *150*00# ndiyo ilikuwa kaunta. Mpaka leo, menyu hiyo na aplikesheni vinasoma daftari lilelile. Tofauti ni sura, wingi wa vitufe, na bando: menyu haihitaji intaneti, aplikesheni inahitaji. Mtandao ukiyumba Gongo la Mboto wakati unataka kulipa, menyu ya kizamani inaweza kukufaa kabla aplikesheni haijamaliza kuzungusha kile kiduara chake.

Dhana nyingine inayohusu daftari hilohilo: "Nimeshafuta aplikesheni yao, hawana changu tena." Ukifuta aplikesheni umefunga dirisha lako tu. Daftari liko kwao, na akaunti, deni na taarifa zako vimo palepale. Kama unataka kuondoka kabisa, tafuta sehemu ya kufunga akaunti kabla ya kufuta, au andika kuomba ifungwe. Waliokopa kwenye aplikesheni za mikopo ya haraka wanaijua hii kwa machungu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na miongoni mwa malalamiko makubwa ya wananchi kuhusu mikopo ya aina hiyo ni kudhalilishwa: bosi wako, shangazi yako na fundi wako wa bomba wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Namba zao zilitoka wapi? Siku ya kwanza aplikesheni iliuliza kama inaruhusiwa kusoma majina yaliyomo kwenye simu, na mkopaji akabonyeza "ruhusu" akiwa na haraka. Aplikesheni ya king'amuzi au ya maji haina shughuli na majina ya ndugu zako. Ikiuliza, kataa, na mara nyingi utaona inaendelea kufanya kazi vilevile.

Saa 24 za WhatsApp

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote, kwa sababu WhatsApp tunaijua kama sebule ya familia, na tunadhani kampuni ikiingia humo inakaa kama sisi.

WhatsApp za biashara ni mbili. Ya kwanza ilitoka Januari 2018, ni ya bure, na ndiyo anayotumia dada wa vitenge Kariakoo: ana orodha ya bidhaa zake, ana salamu inayojituma yenyewe, na mwishoni ni yeye mwenyewe na simu yake. Ya pili ilikuja baadaye mwaka huohuo kwa ajili ya kampuni kubwa. Hiyo haikai kwenye simu ya mtu, bali imeunganishwa na mifumo ya kampuni, na kampuni inailipa Meta, mmiliki wa WhatsApp, kwa baadhi ya ujumbe inaoutuma.

Hiyo ya pili ina sheria ambayo wateja wengi hawaijui. Ukiiandikia kampuni, inapata saa 24 za kukujibu kwa uhuru, kwa maneno yoyote, tangu ujumbe wako wa mwisho. Saa hizo zikiisha, haiwezi tena kukuandikia itakavyo. Inabaki na ujumbe uliotungwa mapema na kupitishwa na Meta, wa aina ya "Ndugu mteja, ombi lako linashughulikiwa". Ndiyo maana mhudumu aliyekuwa anaongea nawe vizuri Ijumaa anageuka kasuku Jumapili. Inawezekana hajakudharau, amefungiwa dirisha tu. Ukiandika chochote, hata "bado nasubiri", dirisha linafunguka upya kwa saa 24 nyingine. Ni jambo dogo, lakini tangu nilijue nimeacha kununa kimya kimya. Naandika.

Na zile tiki mbili za bluu? Kwa rafiki yako zina maana kaufungua ujumbe. Kwa kampuni zinaweza kuwa na maana kwamba programu imeupokea na kuupa alama, wakati hakuna binadamu aliyeuona. Usimhesabie mtu kosa la kukusoma na kukunyamazia wakati hajaamka. Tiki ya bluu ya pembeni ya jina ni jambo tofauti kabisa. Kwenye X imekuwa kitu cha kununua tangu mwishoni mwa 2022, na Meta nao walianza kuuza alama yao mwaka uliofuata, ingawa wao wanadai kitambulisho kwanza. Alama inaweza kukusaidia kuutofautisha ukurasa halisi na wa kuigiza. Haikuambii kama utahudumiwa.

Roboti anayekuita mpendwa

Ukianza mazungumzo na kampuni kubwa, anayekupokea kwa kawaida ni roboti. Si mashine yenye mikono, ni programu ya kujibu maandishi, na wazo lenyewe si jipya: mwaka 1966, katika chuo cha MIT Marekani, Joseph Weizenbaum alitengeneza programu iitwayo ELIZA iliyokuwa ikishika maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Watu walizungumza nayo kana kwamba inawaelewa, jambo lililomsumbua mwenyewe aliyeitengeneza.

Roboti wengi tunaokutana nao ni wa menyu: andika 1 kwa salio, 2 kwa malipo. Wengine wanatafuta maneno. Ukiandika "hela imekatwa ila hamna kitu", anashika neno "hela" na kukupa maelezo ya jinsi ya kulipia, jambo linalotia hasira kuliko kunyamaziwa. Wapya wanaotumia akili mnemba wanaelewa zaidi, ila Kiswahili chetu cha mtaani, chenye "mmenila kichwa" na "mzigo haujasoma", bado kinawachanganya. Na yule roboti aliyekuelewa vizuri bado anaweza kukujibu uongo kwa adabu zote.

Sasa akikudanganya, nani abebe? Wengi wanasema jibu la roboti halina uzito. Kesi moja ya Kanada inasema vingine. Abiria wa Air Canada aliambiwa na roboti wa tovuti ya shirika kwamba anaweza kuomba punguzo la nauli ya msiba baada ya safari. Alipoomba, shirika likakataa, likasema utaratibu wake hauko hivyo, na mbele ya baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia likajitetea kwamba roboti ni kama chombo kinachojitegemea kinachowajibika kwa maneno yake. Februari 2024 baraza lilikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe. Hiyo si sheria ya Tanzania, na sitajifanya wakili. Lakini tangu hapo roboti akiniahidi kitu napiga skrinishoti kabla sijasema asante.

Ukitaka kumvuka, andika kifupi: jina la huduma, tarehe, namba ya muamala, tatizo. Kisha neno "mhudumu". Roboti wengi wamefundishwa kulisikia neno hilo.

Malalamiko bila namba

Kampuni zilizojipanga zina programu inayokusanya ujumbe wote, wa Facebook, Instagram, WhatsApp na barua pepe, na kuupanga foleni moja mbele ya wahudumu. Kila jambo linapewa namba ya kumbukumbu. Pamoja na hayo, mfumo hauwezi kujua kwamba wewe wa Instagram, mwenye jina la kujitungia na picha ya ua, ndiye mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la ubatizo. Ndiyo sababu unaulizwa namba yako upya kila mlango. Inachosha, nakubali. Kampuni ingeweza kukupunguzia kwa kukuelekeza mapema kwenye aplikesheni badala ya kukurusha "njoo DM" kama mpira wa chandimu.

Kuna wanaoamini kulalamika hadharani ndiyo njia ya haraka. Kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa hakuna meneja wa masoko anayependa kuona komenti mia mbili za matusi chini ya tangazo alilolilipia. Lakini komenti kali inakusogeza mbele kwenye foleni tu, haikutatulii. Na siku ukitaka kwenda juu, kwa TCRA kama ni mambo ya simu, Benki Kuu kama ni benki, au EWURA kama ni umeme na maji, swali utakaloulizwa mapema ni kama ulianza kwa mtoa huduma wako na alikujibu nini. Hapo picha ya komenti yenye laiki arobaini ni ushahidi mwembamba. Namba ya kumbukumbu na tarehe vina nguvu zaidi. Mimi sasa naanza kwenye aplikesheni au simu, napata namba, halafu nikikasirika naiandika hiyo namba hadharani. Huwa wanaamka. Namba yangu ya simu na ya muamala siweki hapo kamwe.

Siweki kwa sababu matapeli nao wanasoma. Komenti ya malalamiko ni mali kwao: umewatajia kampuni, umewatajia tatizo, na umewaonyesha kwamba una haraka. Tulishazoea ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Hii ya kurasa feki ni mdogo wake aliyesoma. Inajibu haraka kuliko kampuni halisi, na kwa maoni yangu wepesi huo ndio dalili ya kwanza. Ya pili ni kukuhamishia kwenye namba ya kawaida ya mtu binafsi. Ya tatu inatosha peke yake: kuomba namba ya siri, au zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa SMS. Mhudumu halisi hazihitaji, yeye ana mlango wake wa ndani. Tarakimu zile ni ufunguo wa mlango wako wewe. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia kwenye simu, namba inayotuma inaripotiwa kwa kutuma taarifa kwenda 15040, na *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana wapo waliokuta laini wasizozijua.

Kwa wauzaji wadogo mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa mpiga debe, konda na dereva ni mtu mmoja. Ukimwandikia mwenye duka la viatu Kariakoo, anayekujibu ndiye anayefunga mzigo na kumpa bodaboda. Kero yao ni moja, "bei DM". Wana sababu zao: jirani wa duka la pili asione bei, mteja wa Masaki na wa Mbagala wasipewe bei moja, na kila "bei gani?" kwenye komenti inaufanya mtandao udhani posti ni moto na kuisambaza. Sababu nazielewa. Bado nikiona "bei DM" napita.

Kesho yake saa nne asubuhi ukurasa halisi wa kampuni ya king'amuzi ulinijibu chini ya ile komenti yangu: "Mpendwa mteja, samahani kwa usumbufu. Tafadhali tutumie namba ya king'amuzi chako DM." Nikawajibu kwamba tatizo limeshaisha tangu usiku. Wakaweka alama ya moyo. Mama mkwe, aliyekuwa anakunywa chai pembeni, akaniuliza huyo sasa ni nani. Nikamwambia, "Huyu ni wao kweli, mama, ila ni mpiga debe."